Mwalimu Aliyeusoma Utumbo Wangu

Nianze kwa kusema simpendi, ili anayetafuta maneno matamu ya kumkumbuka mwalimu wake aende akayatafute kwingine. Watu wa Kasulu wakikutana naye barabarani walikuwa wanavua kofia. Mimi sina kofia, na ningekuwa nayo ningeishikilia kichwani kwa mikono miwili. Mtu huyu amenipotezea futi nne za utumbo, na kidogo tu anipoteze mimi mzima, wanangu watatu walelewe na bibi yao. Jina lake sitalitaja. Mtaani kwetu hata halitumiki. Kasulu ina chuo cha ualimu, walimu wamejaa kila kona, lakini kwetu ukisema "Mwalimu" ukanyamaza, kila mtu anajua unamsema nani.

Alinifundisha baolojia miaka minne ya sekondari. Nilipoolewa na kujenga, nikajikuta jirani yake, nyumba ya tatu. Kwa hiyo msiniambie simjui. Namjua kuliko wanaomsifu makanisani.

Ni mrefu, mkavu, shingo ndefu, shati lake limepigwa pasi mpaka mikono inasimama yenyewe. Anatembea na kipande cha sabuni ndani ya kiboksi cha plastiki, mfukoni, kwa sababu hanawi kwa sabuni ya mtu mwingine. Msibani foleni ya kunawa inasimama mpaka yeye amalize kidole kimoja kimoja, watu wenye njaa wanamtazama, hakuna anayethubutu kumwambia Mwalimu, tupishe. Akitaka kuzungumza anaanza na "kwa ufupi". Ukilisikia hilo neno, funika uji wako, maana utapoa.

Kazi iliyompa heshima si kufundisha. Ni kusoma vyeti vya hospitali. Hospitali zetu zinaandika Kiingereza, na wagonjwa wetu wengi hata Kiswahili wanakibeba juu juu, nyumbani ni Kiha, na kwetu sisi tuliotoka ng'ambo ni Kirundi. Mtu anapewa karatasi dirishani, anaambiwa nenda, na hajui kama ameambiwa atapona au akachimbiwe kaburi. Basi anaipeleka kwa Mwalimu. Yeye anakaa barazani, anavaa miwani, anapitisha kidole chini ya kila mstari bila kusema kitu, na wewe umesimama, hukaribishwi kiti mpaka amalize. Halafu anatoa karatasi yenye mistari, anaandika tafsiri kwa wino wa bluu, mwandiko wa kupendeza kweli, anatia sahihi na tarehe. Karatasi ya hospitali anabaki nayo yeye, kwenye faili. "Isichakae," anasema. Wewe unaondoka na ya kwake.

Na ndiyo ya kwake watu walikuwa wanaipeleka zahanati wakiumwa tena! Manesi wakaizoea. Inasomeka, walisema, si kama ya madaktari. Mimi nimeuza vitenge sokoni Kasulu miaka kumi na saba, na nimeona mama anafungua pindo la kanga anatoa tafsiri ya Mwalimu imekunjwa mara nane, kama vile ni hati ya shamba.

Kila mgonjwa alimuuliza swali lilelile: "Ulikuwa wapi nilipofundisha hili?" Iwe ni figo, iwe ni ini, ulikuwa wapi nilipofundisha hili. Siku moja alimuuliza hivyo bibi mmoja kutoka Busunzu ambaye hajawahi kuingia darasani hata kufagia. Bibi akamjibu taratibu, "Nilikuwa shambani, baba." Sisi tuliokuwa pale tulicheka mpaka tukashika ukuta. Mwalimu hakucheka. Alimwelezea figo tangu mwanzo, nusu saa, bibi wa watu amesimama.

Sikukuu za Krismasi mtaa wetu tulikuwa tunachanga mbuzi. Akishachinjwa, kabla akina mama hawajagusa kitu, Mwalimu anadai utumbo. Anautandaza kwenye majani ya mgomba, anaunyoosha, anaupima kwa mkono wake, anaita watoto na watu wazima. "Kwa ufupi. Mdomo huku, haja kule. Katikati ni njia moja. Haina mchepuo, haina njia ya panya. Ukisikia mtu anakwambia vinginevyo, huyo ni mganga wa kienyeji." Nzi wanatua, jua linachoma. Mwaka mmoja mama mkwe wangu alishindwa kuvumilia, akasema, "Mwalimu, somo limeiva, sasa tuachie mboga." Akaambiwa asubiri, bado utumbo mpana.

Darasani alikuwa anachapa viganja. Hilo walimu wote walifanya, silihesabu. Ninalolihesabu ni jingine. Sisi ambao wazazi wetu walivuka kutoka Burundi tulikuwa sita darasani. Baba yangu alikuwa ameshapata uraia, cheti chake amekifunga kwenye mfuko wa nailoni na kukining'iniza juu, panya wasikifikie. Siku moja niliulizwa kazi ya kongosho, nikashindwa. Mwalimu akasema mbele ya darasa zima, "Kwani huko mlikotoka hamkuwa na matumbo?" Walicheka wote. Nilikuwa na miaka kumi na minne. Leo nina arobaini na tatu na ninaweza kuwatajia waliocheka, dawati kwa dawati.

Haya, na mengine niyaseme, maana nikiyaficha mtasema nina chuki tu. Nina chuki, ndiyo, lakini si mwongo. Nilipokuwa kidato cha pili baba alitaka kuniozesha kwa mtu wa Murungu mwenye ng'ombe. Mwalimu alikuja na baiskeli yake, akakaa kwenye kigoda uani kwetu tangu saa sita mchana. Hakula, hakunywa. Kila baba akisema neno, yeye anajibu, "Huyu ana kichwa." Jua linazama baba akachoka, akasema basi, asome. Kesho yake shuleni nilichelewa kuhesabiwa namba kwa dakika tano, Mwalimu akanichapa sita.

Tena mke wake alipooza. Miaka sita alilala, na miaka sita Mwalimu alimwogesha mwenyewe, akamchana nywele mwenyewe, akamgeuza kila saa mbili kwa kengele ya saa ya mezani. Yule mama alikufa hana kidonda hata kimoja mgongoni. Nilikuwepo wakati wa kumwosha, nimeona kwa macho yangu. Wanawake wa mtaani walirudi nyumbani siku ile wakawatazama waume zao vibaya.

Sijui nifanye nini na habari hizo mbili. Nimeziweka hapa, mzibebe nyinyi.

Sasa tuje kwenye tumbo langu. Baada ya mtoto wa tatu nilinenepa, na huku kwetu unene ni sifa. "Umetakata, mama." "Biashara imekubali." Nikaitikia ego, ego, ndiyo, ndiyo, huku magoti yanalia. Kisha sukari ikanikamata. Vidonge, halafu sindano, halafu miguu ikaanza kufa ganzi nikiwa nimekaa mezani kwangu sokoni. Kaka yangu yuko Dar es Salaam, akanipeleka kwa madaktari huko, wakasema kwa sukari ile na mwili ule, kuna upasuaji unaoweza kunisaidia. Nilitetemeka wiki mbili, nikakubali. Mwalimu alipopata habari alikuja mpaka kwenye meza yangu, wateja wamejaa, akatangaza, "Unene si ugonjwa wa kukatwa kisu. Funga mdomo." Akaenda zake kununua dagaa.

Aliyenipasua ni mama mmoja mpole, sauti ndogo mpaka uiname. Siku ya kuruhusiwa aligeuza ile karatasi ya hospitali akanichorea nyuma yake. Nawaelezeni kama alivyonieleza, kwa sababu uhai wangu umo humo. Tumbo, lile la kupokea chakula, hawakulitoa. Walilitenga. Juu kabisa wakaacha kafuko kadogo kama yai la kuku, ndiko chakula changu kinakoingia. Lililobaki wakalifunga kwa juu, likabaki palepale mahali pake, zima, ila halipokei chakula. Kisha utumbo mwembamba wakaukata. Ncha ya chini wakaipandisha, wakaishona kwenye kale kafuko, chakula kikapata njia yake. Ncha ya juu, inayotoka kwenye tumbo la zamani na kubeba nyongo na maji ya kongosho, wakaishusha na kuishona pembeni mwa utumbo kule chini. Kwa hiyo ndani yangu kuna njia mbili: moja ya chakula, moja ya maji ya kusagia chakula, na zinakutana chini.

"Sasa nisikilize vizuri," akasema. "Pale tulipokata na kupandisha, kwenye ule utando unaoshikilia utumbo, panabaki matundu. Tumeyashona. Lakini utakonda, mafuta yataisha, tundu linaweza kuachia, utumbo ukapenya na kunyongwa. Ukipata maumivu makali ya tumbo usiyoyaelewa, mpe daktari yeyote karatasi hii kabla hajakugusa. Namba yangu ipo hapo. Na diklofenaki, zile sindano za maumivu, usichomwe, zinatoboa kwenye mishono."

Nikasema nimeelewa. Na kweli nilikuwa nimeelewa! Mchoro ulikuwa wazi hata mtoto angeuelewa. Halafu nikapanda basi siku mbili, nikafika Kasulu, na jambo la kwanza nililofanya baada ya kuoga, nikaipeleka karatasi kwa Mwalimu.

Mtasema mimi ni mjinga. Semeni. Lakini mtu wa kwetu akitoka hospitali bila kupita kwa Mwalimu ni kama hajatoka. Mama yangu mwenyewe aliniuliza mlangoni, "Mwalimu amesemaje?" kabla hajaniuliza kidonda kikoje.

Alisoma. Kidole kilipita mstari wa kwanza, wa pili, kikafika wa tatu. Nilikuwa nimesimama, kidonda kinavuta. Aligeuza karatasi akaona mchoro, akatabasamu kwa upande mmoja.

"Huyu daktari amekuchorea kama mtoto wa chekechea."

"Amesema tumbo la zamani lipo, Mwalimu. Wamelitenga tu."

"Litengwe likae linafanya nini? Ulikuwa wapi nilipofundisha hili? Utumbo ni njia moja. Kisichopitisha kitu kinaoza. Hawawezi kukiacha." Akachukua kalamu. "Wameliondoa. Wamekwambia vile usiogope."

Na mimi, mwanamke mzima, niliyechorewa na aliyeniingiza mikono tumboni, nikamwamini huyu ambaye hajawahi kupasua kitu ila mbuzi na vyura. Nilirudi kuwa wa miaka kumi na minne pale barazani, naogopa kongosho. Akaandika kwa mwandiko wake mzuri kwamba mgonjwa ameondolewa tumbo lote, na utumbo umeunganishwa na koo. Akatia sahihi. Karatasi yangu ya Dar, na mchoro wangu, na namba ya daktari wangu, vikaingia kwenye faili lake.

Mtaa mzima ukajua sina tumbo. Wanawake wa jumuiya walikuja kunitazama wakiwa wamejiziba midomo. Kwenye harusi Busunzu nikanyimwa sahani, mpishi mmoja akasema nitamwaga chakula mapajani. Nilivumilia, maana kwingine mambo yalikuwa mazuri: sukari ilishuka, sindano nikaacha, miguu ikafufuka. Nikakonda mpaka vitenge nilivyokuwa najifunga mara moja vikawa vinazunguka mara mbili.

Mwaka ulikuwa haujaisha. Ilikuwa Jumanne, niko sokoni, nimekula viazi viwili. Maumivu yakanipiga chini ya mbavu za kushoto yakapitiliza mgongoni. Si maumivu ya kuzaa, ya kuzaa yanakupa nafasi. "Mana yanje, Mungu wangu!" nikalia, nikaangukia vitenge vyangu. Mume wangu ni dereva wa lori, alikuwa njiani. Aliyenibeba ni Baba Nasra, mwenye duka la vyombo jirani na meza yangu, mtu wa pwani aliyekuja huku kijana na hakurudi. Alinitia kwenye gari lake akamwambia mwanangu mkubwa akimbie nyumbani akalete karatasi za mama.

Mwanangu akaleta karatasi iliyokuwepo. Wino wa bluu.

Nilipokelewa na daktari kijana wa kike, mpya, mwenye macho ya kukosa usingizi. Aliisoma mara mbili. Akanipima kwa utrasaundi, akaona upande wa kushoto juu kuna kifuko kikubwa kimejaa maji, kimevimba. Angejua tumbo langu la zamani bado limo, angejua papo hapo ni nini: limejaa kwa sababu njia yake imebanwa kule chini, maji hayana pa kwenda. Lakini karatasi inasema mgonjwa hana tumbo. Basi kile kifuko kikawa jipu. Nikatundikiwa dripu, nikachomwa dawa za kukausha jipu. Mimi nilijaribu kusema. Nilisema, tumbo lipo. Nesi akanipapasa mkono, "Tulia, mama, imeandikwa hapa."

Siku mbili. Ndani ya siku mbili utumbo wangu unanyongwa kwenye tundu, na kila aliyeingia mle wodini anasoma mwandiko wa Mwalimu na kuusifu.

Siku ya tatu asubuhi yule daktari kijana hakuridhika. Alimuuliza Baba Nasra, "Hii ni tafsiri. Ya kwanza iko wapi?" Baba Nasra akaendesha mpaka kwa Mwalimu. Mwalimu alikuwa anakunywa chai.

"Salamu aleko. Naomba karatasi ya mama wa vitenge, ya Dar. Daktari anaitaka."

"Daktari ana tafsiri."

"Anataka ile yenyewe, Mwalimu. Mgonjwa anakufa."

"Kama anaitaka yenyewe maana yake haniamini mimi. Mwambie aje aniulize. Nitamfafanulia."

Baba Nasra ananisimulia haya mpaka leo huku anatikisa kichwa. Anasema Mwalimu alimalizia chai, akaosha kikombe kwa ile sabuni yake, akakifuta. Baba Nasra akakaa chini mlangoni, akanyoosha miguu, akasema, "Basi mimi sitoki hapa, na wewe hutoki." Walikaa hivyo karibu saa nzima. Saa nzima! Mwisho Mwalimu alikwenda ndani akarudi na faili lote akalitupa kibarazani, karatasi za mtaa mzima zikatawanyika, Baba Nasra akapiga magoti kuzichambua moja moja akitafuta jina langu.

Daktari aliposoma na kugeuza nyuma akaona mchoro, alikaa kitandani kwangu bila kutaka. "Nani aliandika ile?" akauliza. Akapiga namba ya Dar pale pale. Nikapakiwa kwenye gari la wagonjwa kwenda hospitali kubwa, nikafunguliwa mchana uleule. Utumbo ulikuwa umepenya kwenye tundu kama yule mama wa Dar alivyosema, na futi nne zilikuwa nyeusi, zimekufa. Daktari mpasuaji aliniambia ningefika siku ileile ya kwanza, wangeuvuta tu na kushona tundu. Wasingekata hata inchi.

Leo nikila naenda chooni kabla sijaosha sahani. Safari ya basi ni mateso, sokoni nimehamishia meza karibu na choo. Kila mwezi nachomwa vitamini, na wanangu wote watatu wanaujua mchoro wangu kwa kichwa, hata mdogo anaweza kuuchora mchangani.

Mwalimu hakuja kunitazama. Kwetu mgonjwa hata akiwa adui yako unampelekea japo uji, unakaa dakika tano, unaondoka. Yeye alihamia upande wa pili wa barabara akipita kwangu. Watu waliendelea kumpelekea vyeti, na wengine waliniambia mimi ndiye niliyemkosea, nimemwaibisha mzee wa watu. Baadaye akauza nyumba, akahamia shamba lake Murungu, Kibondo. Wakamfanyia sherehe ya kumuaga. Niliuza vitenge siku ile mpaka jua likazama.

Mwaka huu, baada ya mavuno ya maharage, akanipigia simu. Sauti imekuwa nyembamba. "Nakuomba ufike kwangu." Nilitaka kukata. Mume wangu akasema, nenda kamtukane uso kwa uso, utapumua. Nikaona ni shauri zuri. Nikaenda Kibondo, pale mjini nikachukua bodaboda hadi Murungu, nikamwambia kijana anisubiri barabarani, sichelewi.

Alikuwa amekaa barazani kwenye kiti chake kilekile cha mbao. Amekonda, shingo imebaki mishipa. Shati limepigwa pasi.

"Shikamoo, Mwalimu." Mdomo ulisema wenyewe, nikauchukia.

"Marahaba, mwanangu. Kaa."

Hajawahi kuniambia kaa. Nikakaa, nimebana mkoba.

"Nieleze kule ndani kukoje," akasema. "Kwa sasa. Nieleze vizuri."

Nikamweleza kwa hasira, kwa kidole hewani, kafuko, ncha ya kupanda, ncha ya kushuka, matundu, na zile futi nne. Alisikiliza amefumba macho. Nilipomaliza akauliza, "Na hilo tumbo la zamani, likisikia njaa, nani anasikia? Wewe au lenyewe?"

Tangu nipasuliwe hakuna mtu aliyeniuliza swali zuri kama lile. Nikajikuta nafikiria jibu. Nikakasirika zaidi.

"Umeniita uniulize maswali?"

"Nimekuita nikwambie." Akavua miwani. "Ule mstari wa tatu. Siku ile. Sikuuelewa. Nililijua neno la tumbo, na la utumbo, na la kushona. Yale mengine sikuyajua. Nilitafuta kwenye kamusi kichwani, hayamo. Na wewe umesimama pale unanisubiri."

"Ukaandika wameliondoa."

"Nikaandika wameliondoa." Machozi yakaanza kumtoka, mengi, bila sauti, yanashuka mpaka kwenye kola iliyonyooshwa. "Nisamehe, mwanangu."

Mimi miaka yote hii nilidhani alikosea. Nilidhani aliamini lile somo lake la mbuzi, njia moja, akakosea kama mtu yeyote anavyoweza kukosea, na kile kiburi cha saa nzima kibarazani nikakiweka pembeni kama kiburi tu. Kumbe alijua. Alijua hajui, akachukua kalamu. Na Baba Nasra alipomwambia mgonjwa anakufa, alijua pia ni kwa nini ninakufa, akaosha kikombe. Nilikuwa nimekuja na matusi yangu tayari, na yote yakawa madogo. Tulikaa tu, yeye analia, mimi natazama kuku wake wanachakura.

Ndipo mama mmoja akaingia uani, kijana bado, mkono umeshikilia ubavu wa kulia, anatembea amepinda. "Mwiriwe," akatusalimu kwa kupumua. Akafungua pindo la kanga akatoa karatasi ya hospitali. "Mwalimu, nimetoka jana. Nisomee."

Mwalimu alijifuta uso kwa kitambaa. Akavaa miwani. Nilitaka kuona. Kidole kikapita mstari wa kwanza. Kikapita wa pili. Kwenye wa nne kikasimama, kikarudi nyuma, kikasimama tena. Yule mama amesimama, anasubiri, jasho linamtoka.

"Kwa ufupi," akasema Mwalimu, na sauti yake ilikuwa imerudi yote, "hii ni gesi. Imebana kwenye nyongo. Ulikuwa wapi nilipofundisha hili?" Akanyoosha mkono kuchukua kalamu.

"Mwalimu," nikamwita mbele ya yule mama. "Huo mstari wa nne umeuelewa?"

Alinitazama. Macho yalikuwa bado mekundu.

"Nimeuelewa," akasema.

Nikainuka nikaichukua ile karatasi mkononi mwake. Niliusoma ule mstari, nikausoma tena, herufi kwa herufi.

"Mama," nikamwambia yule mwanamke, "mimi sijui hapa pameandikwa nini. Bodaboda yangu iko barabarani. Twende kwa anayejua."

Alimtazama Mwalimu kwanza. Kisha akanishika bega, tukatoka.